Hesabu makutano kwanza: namna ya kuchagua muundo wa mfarishi kwa wanaoanza

Kila Jumamosi nikitoka darasani Igoma, hapa Mwanza, nakuta ujumbe uleule kwenye simu. Leo umetoka Buhongwa, juzi Sengerema, wiki iliyopita Ukerewe: "Mwalimu, nimepata akina mama sita wanataka kujifunza mfarishi. Nianze nao na muundo gani?" Nimelijibu swali hili mara nyingi mno, sasa naliandika lote mahali pamoja.

Mfarishi ninaousema ni lile blanketi la viraka: uso wa vipande vilivyoungwa, ujazo katikati, bitana chini, na mafundo au mishono inayoshika tabaka zote tatu. Kama unajua kushona sketi, kazi ya mkono unayo tayari. Kinachowashinda walimu wengi ni kuchagua muundo.

Mimi mwenyewe nilianza vibaya. Darasa langu la kwanza niliwapa nyota ya ncha nane kwa sababu ilinipendeza. Walianza akina mama kumi na mmoja, wakamaliza wawili. Mmoja wao alileta bloku yake, yaani kipande kimoja cha mraba chenye muundo, wiki ya nne. Katikati, pale ncha nane zinapotakiwa kukutana, palikuwa na tundu la kupita kidole, na kitambaa kulizunguka kilikuwa kimeumuka kama andazi. Alikuwa ameshafumua mara tano, hata nyuzi za kitenge zimeanza kuachana. Akaniambia, "Mwalimu, hii si kazi ya watu kama sisi," na hakurudi tena. Kosa halikuwa lake hata kidogo. Nilimpa kazi ambayo mtu aliyeshona miaka mitatu bado anaishikia pumzi.

Tangu hapo sichagui muundo kwa kuangalia picha. Nahesabu makutano, yaani sehemu ambazo mishono miwili inapaswa kugongana hasa, bila mmoja kupita mwingine. Hapo ndipo mwanafunzi anapoteseka. Muundo wenye makutano machache ndio rahisi, hata ukionekana wa kifahari, na wenye makutano mengi ni mgumu hata picha yake ikionekana ya kitoto.

MAHITAJI KABLA YA KUANZA

- Cherehani, hata ya miguu. Ya miguu naipenda zaidi kwa darasa kwa sababu umeme ukikatika kazi haisimami.
- Sindano namba 14 za akiba. Sindano butu hutafuna kitenge.
- Uzi wa pamba au poliesta wa rangi ya kijivu au maziwa. Rangi hizo hukubali karibu kila kitambaa, hivyo hamsimami kubadilisha uzi.
- Mkasi mmoja wa kitambaa tu. Ukikata karatasi nao, umeuharibu.
- Rula, chaki ya fundi, pini, wembe wa kufumulia.
- Pasi. Ya mkaa inafaa, ila ifute chini kila mara na uweke kitambaa chepesi juu ya kazi ili majivu yasidondokee.
- Filamu ya zamani ya eksirei. Ioshe, ikate iwe kielelezo cha kukatia. Kadibodi huliwa na chaki. Baada ya vipande thelathini imeshapungua ukubwa na wewe hujui. Filamu haipungui, tena unaona maua ya kitenge kupitia humo.
- Vitenge vya pamba. Mabaki kwa mafundi yanatosha kabisa, waombe wakuwekee kwenye mfuko badala ya kutupa.
- Ujazo: blanketi jepesi kuukuu au flisi. Mimi huvipata kwenye mitumba pale Mlango Mmoja. Usichukue blanketi zito, sindano haitapita.

Vitenge vingi siku hizi ni poliesta ingawa vina sura ya pamba. Chomoa nyuzi chache uziunguze. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha majivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Kwa anayeanza, weka poliesta pembeni: huteleza chini ya sindano, na pasi ya mkaa huiyeyusha mara moja.

HATUA

1. Chagua kitu kidogo ambacho atakimaliza. Wengi huja wakitaka mfarishi wa kitanda cha tano kwa sita. Usiwakatalie, waambie tu kwamba njia inapitia kwenye kitambaa cha kochi. Kila nyumba ina makochi, na kitambaa cha inchi 18 kwa 18 kinaisha kwa Jumamosi moja au mbili. Mtu akikitandika nyumbani na wageni wakauliza nani kashona, wiki inayofuata atawahi kuliko wewe.

2. Hesabu makutano ya muundo unaoufikiria. Chora kwenye daftari la hesabu lenye viboksi, weka nukta kila mishono inapogongana, kisha hesabu. Miundo mitatu ninayoitumia, kuanzia ulio rahisi zaidi, ni hii:

Mistari. Vipande virefu vilivyoungwa ubavu kwa ubavu. Mistari tisa ya upana wa inchi 5 inakupa uso wa inchi 41, wa kumfunika mtoto wa miaka mitatu. Makutano: sifuri. Mstari ukiungwa kwa mabaki mafupi, hakikisha tu maungio ya mstari mmoja hayakai sambamba na ya mstari wa jirani. Wapo wanaoudharau muundo huu. Akina mama Weusi wa Gee's Bend, huko Alabama, Marekani, walishona mifarishi kwa nguo kuukuu za kazini, mingi ikiwa ya mistari mipana tu, na mwaka 2002 ikatundikwa ukutani kwenye jumba la makumbusho ya sanaa la Houston. Mistari ni kazi kamili.

Uzio. Unaunga mistari mitatu ya upana wa inchi 2 na nusu, unapata utepe wa inchi 6 na nusu, halafu unaukata kuwa miraba ya inchi 6 na nusu. Kisha unaipanga mmoja umesimama, mmoja umelala. Kwa kuwa mishono ya bloku moja inaishia kwenye ubavu mtupu wa jirani yake, haina cha kugongana nacho. Makutano yapo kwenye pembe za bloku tu: kitambaa cha kochi cha bloku 9 kina makutano 4, na mfarishi wa bloku 36 una 25. Kwa maoni yangu huu ndio muundo bora kuliko yote kwa darasa la kwanza, maana ukimalizika unaonekana kama ngazi zinazopanda na kushuka, na watu hawaamini ni kazi ya mwanafunzi.

Miraba tisa. Miraba tisa ya inchi 5, safu tatu za tatu. Bloku moja ina makutano 4 na inatosha foronya ya mto wa kochi. Lakini ukiunga bloku tisa, miraba inakuwa 81 na makutano 64. Ndiyo maana siuweki mwanzo, ingawa picha yake ndiyo inayovutia wengi kuuita wa watoto.

3. Uondoe muundo wowote wenye mshazari. Pembetatu na nyota zote zina upande uliokatwa mshazari. Shika kona mbili za kitenge ukivute kufuata mtande au mshindio, yaani nyuzi za urefu au za upana: hakinyooki. Kivute mshazari: kinanyooka kama mpira. Mwanafunzi hukivuta bila kujua, kwa vidole na kwa pasi. Fanya jaribio hilo mbele yao, dakika moja tu, na hawatakuuliza tena kwa nini nyota inasubiri.

4. Angalia idadi ya vipimo. Muundo wa kipimo kimoja cha kipande hauna nafasi ya kuchanganya. Nyumba ya Magogo, ambayo inazungusha mistari kuzunguka mraba wa katikati, haina mshazari na inapendeza, lakini mistari inazidi kurefuka kadiri unavyozunguka, na kosa la mstari wa kwanza hukua hadi wa mwisho. Iweke kuwa ya nne, baada ya ile mitatu.

5. Linganisha muundo na kitenge kilichopo mezani. Kitenge chenye ndege mkubwa, ukikikata miraba ya inchi 2, unabaki na jicho hapa na unyoya pale. Maua makubwa yape vipande vya inchi 5 au zaidi, madogo yaweke kwenye mistari myembamba. Kila bloku iwe na rangi ya giza, ya kati na ya mwanga. Mwanafunzi asipoona tofauti, mwambie apige picha kwa simu kisha aibadilishe iwe nyeusi na nyeupe. Vitambaa viwili vikionekana sawa kwenye picha, vitamezana kwenye mfarishi.

Kwa uzio wa bloku 36, nusu mita ya kila rangi kati ya tatu inatosha kama kitenge kina upana wa inchi 44 hadi 46. Kila utepe unatoa bloku 6, na unahitaji tepe 6. Ukitumia mabaki, kata mistari isiyopungua urefu wa inchi 7, uunge mitatu mitatu na kupunguza hadi 6 na nusu.

6. Fua vitambaa vyote kabla ya kukata. Kitenge kipya kina wanga, na kikifuliwa hupungua ukubwa. Ukikichanganya na kuukuu bila kukifua, mfarishi utakunjamana siku ya kwanza ya kufuliwa. Vyekundu, bluu nzito na vyeusi vilowanishe peke yake, uvikandamize na kitambaa cheupe. Kikichuja, fua tena; kikiendelea kuchuja, kiache.

7. Shona bloku moja mwenyewe kwanza, kwa cherehani watakayotumia wao. Angalia saa. Kama wewe umetumia nusu saa, mwanafunzi atatumia saa moja na nusu. Hapo utajua kama muundo unaingia kwenye kipindi chako au utawaachia watu vipande mikononi wakienda nyumbani.

8. Weka ukuta wa robo inchi. Hii ndiyo hatua ninayoomba usiiruke. Fundi wa nguo amezoea kuacha nusu inchi au zaidi ili nguo iweze kuongezwa. Kwenye mfarishi mshono ni robo inchi, kila mahali, siku zote. Mwanafunzi akishona kwa robo na nusu robo, anapoteza robo inchi kwa kila mshono, nusu robo kwa kila kipande. Bloku ya miraba tisa ina mishono miwili kila upande, kwa hiyo badala ya inchi 14 inatoka 13 na nusu. Mwenzake aliyeshona sawasawa ana 14. Hizo bloku mbili hazitaungana hata mkeshe.

Dawa ni plasta ya kidonda. Teremsha sindano polepole juu ya rula mpaka iguse alama ya robo inchi, ukingo wa rula ukiwa kulia. Bandika plasta kwenye bati la cherehani kufuata ukingo huo. Kisha bandika ya pili juu yake, ya tatu, ya nne, mpaka upate kaukuta kadogo. Kitambaa kikiegemea hapo, mkono wa mwanafunzi unajua kabla ya jicho.

Sasa jaribu: kata mistari mitatu ya upana wa inchi 1 na nusu, iunge, piga pasi, pima wa katikati. Lazima uwe inchi 1 kamili. Ukiwa mwembamba, sogeza plasta kushoto kidogo. Ukiwa mpana, kulia. Rudia kwa kila cherehani, maana hakuna mbili zinazofanana.

9. Fundisha kukanyaga kabla ya kushona. Kwa cherehani ya miguu, mwanafunzi akanyage bila uzi kwenye karatasi yenye mistari kwa dakika kumi. Gurudumu likirudi nyuma, uzi hukatika, naye hudhani ameharibu mashine ya watu.

10. Kateni kufuata nyuzi za kitenge. Weka ukingo wa kielelezo sambamba na pindo la kiwandani. Wasirundike vitambaa vinne kwa mkasi. Cha chini kinatoroka. Viwili vinatosha.

11. Pangeni sakafuni kabla ya kuunga. Tandikeni mkeka safi, pangeni bloku zote, simameni mbali mtazame, kisha pigeni picha. Ndege wa kichwa chini wanaonekana hapa, mapema. Andika namba ya safu kwenye kipande cha karatasi na ukibane kwa pini kwenye bloku ya kwanza ya kila safu.

12. Ungeni kwa safu. Shona vipande viwili viwili mfululizo bila kukata uzi katikati, vitoke kama bendera za sherehe, kisha vikate. Pasi ikandamizwe na kunyanyuliwa, isiburuzwe. Mishono ya safu ya kwanza yote ilale kulia, ya pili kushoto, ya tatu kulia. Safu mbili zikikutana, migongo ya mishono inafungana. Mwanafunzi afumbe macho apapase kwa kidole gumba na cha shahada: akihisi kigingi, bado, akihisi mahali pamekaa tambarare, achome pini hapo hapo.

13. Tabaka tatu. Kwa kitambaa cha kochi fanya kama foronya: tandaza ujazo, juu yake bitana sura ikitazama juu, kisha uso wa vipande sura ikitazama chini. Shona kuzunguka ukiacha mlango wa inchi 6, punguza kona, geuza, ziba mlango kwa mkono. Kwa mfarishi mkubwa, bitana izidi uso na ujazo kwa inchi 1 kila upande. Ikunje nusu ifike ukingoni, ikunje tena ipande juu ya uso, shona. Hapo huhitaji pindo la kuongeza.

14. Funga mafundo badala ya kushona mapambo. Kwa uzi mnene wa kudarizi, pitisha chini na kurudi juu kila baada ya inchi 4, funga kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia, acha mikia ya nusu inchi. Mfarishi mkubwa ufungwe mafundo kabla ya kupindwa kingo, kuanzia katikati kwenda nje.

SHIDA ZINAZOJITOKEZA

Bloku za wanafunzi zina ukubwa tofauti. Pima zote, tafuta iliyo ndogo kuliko zote, punguza nyingine zilingane nayo. Kwenye uzio hakuna atakayejua. Kwenye miraba tisa miraba ya pembeni itaonekana myembamba, ndiyo sababu nyingine ya kuanza na uzio. Kama moja ni ndogo mno, iache kando itumike kushikia sufuria, wala usiwaharibie wengine.

Makutano yamepishana. Yakipishana chini ya nusu robo inchi, acha. Yakizidi, fumua inchi moja kila upande wa makutano tu, chomeka pini, rudia kipande hicho. Mwanafunzi asifumue safu nzima. Na asifumue mahali pamoja zaidi ya mara mbili. Mara ya tatu mkatie kipande kipya wewe mwenyewe.

Uzi unajisokota kama kiota chini ya kitambaa. Karibu kila mara ni uzi wa juu. Nyanyua mguu wa cherehani, toa uzi wote, pitisha upya. Ikishindikana, angalia bobini yenye uzi wa chini, halafu badilisha sindano. Skrubu za kukaza uzi mwanafunzi asiziguse.

Mistari mirefu imejikunja kama upinde. Mmeishona yote kuanzia upande mmoja. Fungua mmoja mmoja, ushone wa kwanza kutoka juu kwenda chini, wa pili kutoka chini kwenda juu, na mpunguze kuvuta.

Katikati pameumuka, kingo zimelala. Pasi iliburuzwa, au kuna kipande kilikatwa mshazari bila kujua. Nyunyiza maji, kandamiza kwa pasi, uache pakauke bila kuguswa. Kama bado, ongeza fundo hapo katikati.

Mwanafunzi mmoja amemaliza, wengine wapo nusu. Mpe mistari mitatu ya mabaki aanze kitambaa cha kochi la pili. Usimpe muundo mgumu ili kumshughulisha, maana wenzake watatazama wa kwake na kuona wao wamechelewa. Seti ya makochi ina vitambaa vingi, kazi haiishi.

Mwanafunzi anadai nyota. Mwambie atapewa siku akileta miraba tisa yenye makutano manne yaliyokaa sawasawa. Wapo wanaoleta wiki ya sita, wapo wanaoleta mwezi wa nne, na wapo ambao wakishafika hapo wanaamua kushona uzio mwingine.